Pat Summitt alikataa timu ya wanaume, sisi bado tunaita kupanda cheo

MARA mbili Chuo Kikuu cha Tennessee kule Marekani kilimfuata kocha Pat Summitt na kumtaka aachane na timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, akainoe ya wanaume. Mara mbili alikataa.

Wengi hawakumwelewa. Timu ya wanaume ndiyo inayopewa nafasi kubwa magazetini na kwenye televisheni. Ukiitwa huko, si unakimbia? Mwenyewe aliwarudishia swali: kwani nani kasema huko ni kupanda?

Nimelikumbuka swali hilo kwa sababu ya jambo ninaloliona kila nikienda kuripoti soka la wanawake hapa nchini. Kocha akishinda mechi tatu, nne mfululizo, lazima mmoja wetu waandishi amuulize: "Kocha, lini tutakuona timu ya wanaume?" Kocha anacheka, sisi tunacheka, stori inaandikwa. Maisha yanaendelea.

Mimi naona pale kuna tatizo. Swali hilo linamwambia kocha kwamba hapo alipo ni kituoni tu, anasubiri basi lake. Na mbaya zaidi, wachezaji wake wapo pembeni wanalisikia.

Sasa kwa wasiomfahamu huyu mama, ngoja niwape picha. Mimi ni mtu wa soka, lakini kuna watu kwenye michezo mingine ambao ukiwasoma unajikuta unaelewa zaidi mchezo wako.

Summitt alizaliwa 1952 katika jimbo hilohilo la Tennessee, mtoto wa mkulima, akakulia kwenye kazi za shamba pamoja na kaka zake. Mwaka 1974 alikwenda chuoni hapo kusoma shahada ya uzamili huku akitarajia kuwa msaidizi kwenye benchi. Kocha aliyekuwepo akaondoka. Binti wa miaka 22 akajikuta ndiye kocha mkuu, na baadhi ya wachezaji wake amewazidi mwaka mmoja tu.

Mshahara wake ulikuwa Dola 250 kwa mwezi. Jezi alizifua mwenyewe nyumbani. Basi dogo la timu aliliendesha mwenyewe. Jezi zenyewe zilinunuliwa kwa fedha zilizopatikana baada ya wachezaji kuuza donati. Kuna safari timu ililala kwenye magodoro ya mazoezi, ndani ya ukumbi wa wapinzani, usiku wa kuamkia mechi.

Mechi yake ya kwanza alifungwa na Mercer pointi 84 kwa 83. Kwa mazingira yetu, wiki hiyohiyo mitandaoni wangeshaandika kwamba kibarua kimeanza kuota nyasi.

Miaka miwili baadaye, huku akiwa bado kocha, alivaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani kwenye Olimpiki ya Montreal 1976. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kikapu cha wanawake kuchezwa Olimpiki, na alirudi na medali ya fedha. Mwaka 1984 akarudi Olimpiki akiwa kocha, safari hii Los Angeles, akatwaa dhahabu. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Marekani kwenye kikapu cha wanawake.

Lakini chuoni kwake kombe la taifa lilikuwa bado. Alifika hatua za mwisho, akarudi mikono mitupu. Akafika tena, akarudi tena mikono mitupu. Ubingwa wa kwanza wa vyuo aliupata 1987, Tennessee ilipoichapa Louisiana Tech 67-44 kwenye fainali. Huo ulikuwa msimu wake wa 13.

Rudia kusoma hapo. Msimu wa 13.

Baada ya hapo mlango ukafunguka. Ubingwa wa 1989, wa 1991, kisha mitatu mfululizo 1996, 1997 na 1998, halafu 2007 na 2008. Jumla makombe 8. Ule msimu wa 1998 alicheza mechi 39 akashinda zote 39. Machi 2005 alifikisha ushindi wa 880 na kumpita Dean Smith, kocha mkongwe wa timu ya wanaume ya North Carolina. Anaachia ngazi 2012, ana ushindi mara 1,098 na vipigo 208 katika misimu 38, na hakuna hata msimu mmoja aliomaliza akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Kwa wakati huo hakuna kocha wa daraja la juu la vyuo Marekani, wa kike wala wa kiume, aliyekuwa ameshinda mechi nyingi kama yeye.

Mtu atasema hizo ni namba tu. Sawa, tuziache namba. Tuangalie alivyokuwa anawachukulia wachezaji wake.

Kwake darasani ilikuwa sehemu ya mazoezi. Mchezaji alitakiwa akae kwenye mistari mitatu ya mbele. Ukikosa kipindi bila sababu, mechi huchezi, hata uwe staa wa namna gani. Matokeo yake ni rekodi ambayo mimi naiweka juu kuliko makombe yote 8: kila mchezaji aliyemaliza muda wake wa kucheza chini ya Summitt pale Tennessee, alihitimu masomo. Kila mmoja, kwa miaka 38.

Ndiyo maana wazazi walimwamini. Na yeye alikuwa anawafuata mpaka nyumbani. Mwaka 1990, akiwa mjamzito wa miezi minane na ushee, alipanda ndege hadi Pennsylvania kumshawishi binti mmoja wa sekondari, Michelle Marciniak, ajiunge na timu yake. Uchungu ukamshika hukohuko. Wakati wa kurudi wakafikiria kutua Virginia apelekwe hospitali, mama akagoma. Alitaka mtoto wake azaliwe Tennessee, na isitoshe Virginia ndio walikuwa wamemtoa kwenye mashindano msimu uliopita! Mtoto akazaliwa Tennessee.

Marciniak kwanza alichagua chuo kingine, Notre Dame. Baadaye akahama, akaenda kwa Summitt. Tennessee ilipotwaa ubingwa wa 1996, mchezaji bora wa hatua ya timu nne za mwisho alikuwa yeye.

Niambie, kocha ambaye akili yake ipo kwenye kazi inayofuata anaweza kupanda ndege katika hali ile? Hawezi. Atatuma msaidizi.

Najua hoja ya upande wa pili, na siyo ya kijinga. Kocha naye ana familia, ana kodi ya nyumba, ana ada za watoto. Timu ya wanaume inalipa, ya wanawake hailipi. Sasa ukimwambia abaki huko kwa mapenzi tu, unamlisha maneno.

Nakubali. Ila tazama kilichotokea Tennessee. Mwaka 2006 yule aliyeanza na Dola 250 kwa mwezi alisaini mkataba uliomfanya kuwa kocha wa kwanza wa kikapu cha wanawake kulipwa zaidi ya Dola milioni moja kwa mwaka. Hakupewa kwa huruma. Kipindi hicho ukumbi wa Thompson-Boling mjini Knoxville ulikuwa unajaza maelfu ya watu waliokuja kuangalia wanawake wakicheza. Fedha zilikuja zikamkuta palepale alipokuwa amekaa.

Na hakufanya peke yake. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vikalazimika kuwapa wasichana nafasi na ufadhili kwenye michezo. Summitt alianza kazi miaka miwili baada ya sheria hiyo. Bila sheria, pengine angeendelea kufua jezi mpaka anazeeka.

Lakini sheria ileile ilivihusu vyuo vyote, na siyo vyote vilivyotoka na makombe 8. Sheria inakulazimisha uwe na timu. Kuijenga ni kazi nyingine, inataka mtu wa kukaa na uongozi wa kumsubiri. Tennessee walipata vyote viwili.

Usidhani huyu mama ni kisa cha peke yake. Chuo cha Connecticut tunakijua hapa Bongo kwa sababu ndiko alikosoma na kucheza Hasheem Thabeet wetu, kabla hajachaguliwa namba mbili kwenda NBA mwaka 2009. Mwaka huohuo, chuoni hapohapo, timu ya wanawake ilitwaa ubingwa bila kufungwa hata mechi moja. Kocha wake ni Geno Auriemma, hasimu mkubwa wa Summitt. Ni mwanaume, na yupo na timu ya wanawake tangu 1985. Msimu wake wa kwanza alifungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda. Hakutimuliwa. Kufikia 2025 ana makombe 12.

Kwa hiyo suala siyo kocha ni mwanamke au mwanaume. Suala ni kwamba hawa wawili waliichukulia timu ya wanawake kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Turudi nyumbani. Soka letu la wanawake lipo kwenye kipindi kinachofanana na kile cha Knoxville ya zamani. CAF inazitaka klabu zinazocheza mashindano yake ziwe na timu ya wanawake, kwa hiyo timu zipo. Na vipaji vipo. Simba Queens ilimaliza ya nne Ligi ya Mabingwa Afrika ya Wanawake 2022. Twiga Stars ilicheza WAFCON kule Morocco 2025, baada ya kusubiri tangu 2010.

Kinachobaki ni kazi ambayo kanuni haiwezi kuifanya. Kuna viongozi wanaoiangalia timu ya wanawake kama karatasi ya leseni. Kuna makocha wanaoiangalia kama sehemu ya kujiegesha wakati wanatafuta timu. Na kuna sisi waandishi, tunaoandika "apandishwa" kocha akihamia kwa wanaume, na "arudishwa" akihamia kwa wanawake. Hayo maneno mawili tu yanatosha kumwonyesha binti wa miaka 17 anayechezea timu ya mkoa thamani yake ni ngapi.

Ombi langu kwa viongozi wa klabu ni dogo. Ukimpata kocha mzuri wa timu ya wanawake, mpe mkataba unaoeleweka, mpe wasaidizi, mpe muda, na akishinda mwongezee fedha akiwa hapohapo. Usimfanye ahame ili maisha yake yawe mazuri.

Agosti 2011, akiwa na miaka 59, Summitt alitangaza kwamba ana Alzheimer's, ugonjwa unaokula kumbukumbu. Angeweza kuondoka siku hiyo na hakuna ambaye angemlaumu. Alikaa benchi msimu mmoja zaidi, na timu yake ikatwaa ubingwa wa mashindano ya ukanda wao wa SEC. Aprili 2012 akang'atuka. Juni 28, 2016 alifariki dunia akiwa na miaka 64.

Nafasi yake ilichukuliwa na Holly Warlick, aliyewahi kuwa mchezaji wake na kisha msaidizi wake kwa miaka 27. Timu ilikuwa na mtu wa ndani wa kupokea, kwa sababu hata msaidizi aliiona pale kuwa sehemu ya kufanyia kazi maisha yake yote.

Basi wenzangu wa kalamu na kamera, wikiendi hii tukikutana uwanjani kwenye mechi ya wanawake, tufanye hivi. Kocha akishinda, tumuulize klabu imempa nini cha kufanyia kazi, na anapanga kuijenga timu hiyo kwa miaka mingapi. Halafu tumgeukie kiongozi wa klabu aliyesimama pembeni yake, tumuulize yeye pia.