NONDO ZA KIBAHA NANI KAZIVUTA?

Kijana wa Maili Moja, wewe unayeamka alfajiri kugombea kibarua cha zege, hebu jiulize: hilo ghorofa unalolipandishia ndoo, nondo zake zimeshikwa na nini? Ofisa atakuonyesha kibali chenye mhuri. Mhuri haushiki nondo!

Ukweli ni huu. Chuma kinaweza kuwa kizima na zege likawa gumu, lakini kama havijashikana jengo ni mtego. Yale matuta ya nondo yapo ili zege liyaume. Sasa oili chafu ya mbao imwagikie nondo, maji yazidishwe ili zege liteleze vizuri kwenye karai, kushindilia kuachwe pabaki mapango chini ya chuma: mshiko umekwenda! (Kutu nyepesi si adui. Adui ni ile inayobanduka magamba.) Kwa nje huoni kitu. Plasta imenyooka, rangi inameta, mpangaji analipa kodi.

Kipimo chake kipo, wala si uchawi. Unamwaga bonge la zege lenye nondo katikati, unasubiri siku 28, kisha mashine inaivuta nondo huku saa ndogo ikisoma imeteleza kiasi gani kwa mzigo gani. Na zile nyumba za chini zinazoongezewa ghorofa, nguzo ya zamani ikatobolewa na nondo ikachomekwa kwa gundi? Hizo huvutwa palepale saitini kwa jeki. Muulize mwenye mradi: jeki iko wapi?

Mafundi wazoefu wakiunga nondo huzipishanisha kama mara 40 ya unene wake. Ya milimita 12 inataka karibu nusu mita. Nenda ukapime kwenye saiti yako. Ukikuta shubiri moja, ujue kuna mtu kaila iliyobaki, na yeye halali ndani ya jengo hilo!

Watakwambia TBS ipo. Ndiyo, ipo tangu 1975, na nondo inapimwa nguvu yake. Lakini cheti cha nondo hakisemi lolote kuhusu zege lililokorogwa saa nane mchana na kibarua mwenye njaa.

Tumezika vya kutosha. Machi 29, 2013, ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliua watu 36. Novemba 16, 2024 likaporomoka la Kariakoo, wakafa zaidi ya 20. Sisemi yote yaliangushwa na nondo kuteleza. Jengo huanguka kwa dhambi nyingi. Nasema kwamba baada ya msiba ule Rais Samia aliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Ya Kariakoo! Na sisi huku Barabara ya Morogoro, tusubiri kufukiwa kwanza ndipo wakubwa waje na magari yao ya kiyoyozi kutoa pole?

Maabara si mbali. Chuo Kikuu kipo Mlimani, mwendo wa daladala tu. Kinachokosekana ni wa kuwabana.

Basi diwani akija kijiweni kwenu, muulize ada ya kibali cha ujenzi inanunua nini. Akijibu "ukaguzi", adai kwa mwenye jengo karatasi ya kipimo: tarehe, mzigo, nondo imeteleza milimita ngapi. Na siku hiyo hiyo ibandikwe getini, walalahoi waisome kabla hawajapanda na ndoo.