NDANI YA HELMETI: ANAYETOA KOFIA NA AITUNZE



Kuna mambo mengine yakitajwa mkutanoni watu hucheka. Mtu akisimama kudai nyongeza ya mshahara, wote hukaa kimya na kusikiliza. Lakini akisimama mtu kusema kwamba kofia ya pikipiki aliyopewa kazini inanuka, kicheko hujaa nyumba nzima. Safari hii tunawaomba msicheke. Tunataka kusema juu ya uchafu ulio ndani ya helmeti, kwa sababu uchafu huo unawafanya watu waivue, na anayeivua barabarani ameweka maisha yake rehani.

Wanachama wetu wengi hufanya kazi juu ya pikipiki. Wako matarishi wanaopeleka barua na vifurushi, wako wasoma mita, wako maofisa wa kilimo na wa afya wanaozunguka vijijini, na siku hizi wako vijana wengi wanaopeleka chakula na bidhaa mijini. Katika baadhi ya kazi hizo tajiri hununua pikipiki moja na helmeti moja, kisha watu wawili au watatu wakapokezana. Wa asubuhi huivua ikiwa imelowa jasho, na wa mchana huivaa kabla haijakauka. Wa usiku hukuta imebeba jasho la wote wawili, na vumbi, na mafuta ya nywele. Hakuna aliyeambiwa aioshe, wala sabuni ya kuioshea haikutolewa.

Matokeo yake yanajulikana. Ngozi ya kichwa huwasha na kutoka vipele. Choa na mapunye hupita kutoka kichwa hadi kichwa kwa kofia, kitana na taulo. Na mtu aliyechoka na harufu huitundika helmeti kwenye usukani au kuipachika mkononi, akaivaa tu anapoona polisi mbele. Basi ile helmeti imekuwa ya kumkinga na faini, haimkingi tena na mauti.

Faida ya chombo hiki si maneno ya kubahatisha. Mwaka 1935 mwandishi na askari Mwingereza, T. E. Lawrence, alikufa kwa kuumia kichwa baada ya ajali ya pikipiki. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, aliendelea kuuchunguza ubaya wa majeraha ya namna hiyo, na mwaka 1941 akaandika juu ya wapanda pikipiki wa jeshi la Uingereza walioumia vichwa. Watu hao wengi walikuwa matarishi, wafanyakazi wa kupeleka habari kama ndugu zetu wa leo. Mwaka huo huo jeshi lilitoa amri kwamba kila anayeendesha pikipiki kazini avae helmeti. Na mwaka 2008 wataalamu waliokusanya na kupima uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali walikuta kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa kadiri ya asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa kadiri ya asilimia 69. Chombo chenye faida kubwa hivi hakifai kuachwa kitandikwe uchafu hadi watu wakikimbie.

Sheria inasemaje? Sheria ya Trafiki ya Kenya inamtaka mwendesha pikipiki na abiria wake wavae helmeti. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama na afya ya wafanyakazi wake wote, na inamwekea mfanyakazi naye wajibu wa kuvaa kinga aliyopewa. Sheria hiyo hiyo, inapoeleza mavazi ya kujikinga na kofia kwa kazi za majimaji na vitu vya kudhuru, inamwambia mwajiri afanye mambo mawili: kutoa, na kutunza. Sisi twasema maneno hayo mawili ndiyo yawe kipimo kwa kila kinga ya kazini. Tajiri aliyenunua helmeti na kuiacha ioze amefanya nusu ya kazi. Pikipiki yenyewe huipeleka gereji, ikabadilishwa oili na kukazwa mnyororo. Mbona kichwa cha mtu kisipate matunzo yanayopewa mnyororo?

Tunajua jibu litakalotolewa. Wataambiwa wanachama ati jambo hili ni dogo, kila mtu na ajioshee. Vema, hatukatai kuosha. Lakini mtu ataiosha saa ngapi helmeti ambayo mwenzake anaingojea langoni? Bitana iliyooshwa haikauki kwa dakika kumi. Kwa hiyo neno la kwanza ni hesabu ya helmeti, wala si uvivu wa watu. Palipo na helmeti moja kwa watu watatu, usafi hauwezekani hata wote wawe wasafi namna gani.

Sasa tugeukie upande wetu, maana lawama nyingine ni zetu wenyewe. Wako ndugu wanaoosha helmeti kwa petroli au mafuta ya taa, kwa kuwa hutoa madoa upesi. Ndugu, hapo unajiua polepole. Chini ya bitana ya kitambaa kuna povu gumu jeupe, la jamii ile ile inayofungiwa redio na televisheni ndani ya sanduku. Povu hilo ndilo hasa kinga. Kichwa kikigonga chini, povu hubonyea na kumeza nguvu ya pigo kabla haijafika kwenye ubongo. Petroli, mafuta ya taa na dawa za kuyeyushia rangi hulila povu hilo, na huweza kulidhoofisha gamba la plastiki na kioo. Kwa nje utaona kofia inang'aa, lakini ndani kinga imekwisha.

Njia iliyo salama ni rahisi, na haitaki fedha nyingi:

1. Tazama kama bitana inatoka. Helmeti nyingi zina vifungo vya kubonyeza. Vifungue taratibu bila kuvuta kwa nguvu. Kumbuka kila kipande kilikaa wapi.

2. Osha vipande hivyo kwa mkono, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Vikande, usivikamue kwa kuvisokota. Suuza mpaka maji yatoke safi, kwa maana sabuni iliyobaki nayo huwasha ngozi.

3. Bitana isipotoka, usiitumbukize helmeti katika karai. Chukua sponji au kitambaa chenye maji ya sabuni, bonyeza bonyeza bitana yote, kisha rudia kwa kitambaa chenye maji matupu. Malizia kwa kitambaa kikavu.

4. Usisahau kamba ya kidevu. Hiyo hunywa jasho kuliko sehemu yoyote, na watu wengi hawaigusi.

5. Kioo usikipanguse kikiwa kikavu, vumbi litakikwaruza. Weka kitambaa chenye maji juu yake kwa dakika chache ili matope na wadudu walainike, kisha futa polepole. Kioo kilichokwaruzika huleta mng'ao wa taa usiku, na mwendeshaji asiyeona mbele ni hatari kwake na kwa wengine.

6. Anika kivulini penye upepo. Usianike juu ya jiko, wala karibu na moto, wala juu ya bomba la moshi la pikipiki. Usiivae mpaka ikauke kabisa.

7. Ukiwa umeishika, ichunguze. Ikiwa gamba lina ufa, au povu limebonyea, au kamba imechanika, hiyo si ya kuoshwa tena, ni ya kubadilishwa. Na helmeti iliyokwisha kupata pigo kubwa haifai hata kama ufa hauonekani, kwa sababu povu likibonyea halirudi.

Kitambaa chepesi cha pamba kivaliwe chini ya helmeti na kifuliwe kila siku. Hicho hupunguza uchafu sana. Lakini kiwe chepesi kweli. Kofia nene ya sufu huifanya helmeti ikae vibaya na kuchezacheza.

Neno moja kwa ndugu zetu wa bodaboda, jina ambalo lilianzia kwa baiskeli za mpakani Busia. Wengi wenu hamna tajiri wa kuandikiana naye mapatano. Mnapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni. Hata hivyo helmeti ya abiria ni sehemu ya pikipiki, kama tairi na breki. Abiria anayeikataa kwa harufu hakukudharau, anakiogopa kichwa chake. Mwenye pikipiki anayepokea hesabu bila kukosa naye na anunue helmeti ya pili, na ninyi muisafishe. Na sisi wafanyakazi tunaopanda bodaboda kwenda kazini, tuombe helmeti tunapopanda. Abiria wakiiomba kila siku, itapatikana na itakuwa safi.

Basi twawaomba wanachama wote wanaofanya kazi juu ya pikipiki walipeleke jambo hili mbele kwa utaratibu. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi sheria inataka iwepo kamati ya usalama na afya, na wafanyakazi wana wajumbe wao ndani yake. Wajumbe hao walitie jambo hili katika orodha ya mambo ya mkutano, na jibu liandikwe katika kumbukumbu. Madai yetu ni manne: kila mwendeshaji apewe helmeti yake mwenyewe inayomkaa sawa, bitana iwe ya kutoka, na awe na ya akiba, sabuni, maji na nafasi ya kuosha vitolewe katika saa za kazi, na helmeti iliyopigwa au kuchakaa ibadilishwe bila kukatwa mshahara wa mtu. Mapatano yajayo yakiandikwa, maneno haya yawemo.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Jambo tunalolicheka leo mkutanoni laweza kesho kutufanya tukusanye michango ya mazishi. Hatutaki kuja kusoma katika kurasa hizi jina la ndugu aliyekufa huku helmeti yake ikiwa imetundikwa kwenye usukani, kwa sababu tu hapakuwa na kipande cha sabuni.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI