Namba ya siri ibaki kwa mama mwenyewe

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Vwawa, karibu na stendi. Maneno ninayoyasikia kuliko mengine yote dirishani ni haya: "Mwanangu, nibonyezee wewe, macho hayaoni." Kitochi kinapitishwa kwangu, kimefungwa kwa mpira kwa sababu mfuniko wa nyuma umelegea, na namba ya siri inatajwa kwa sauti huku foleni nzima ikisikia. Wengine hawaitaji. Wanafungua mfuniko, wanatoa betri, na chini yake kuna kikaratasi chenye tarakimu nne, kwa mwandiko wa mtoto wa shule.

Simu hiyo siibonyezi. Namrudishia mama, namwambia, "Menyu nitakusomea, mama, lakini namba ya siri weka mwenyewe, mimi naangalia pembeni." Foleni inanung'unika, hasa msimu wa kahawa ukipamba moto na malipo ya wakulima kuanza kuingia. Nawaelewa, kila mtu ana haraka. Ila pesa iliyo ndani ya kile kitochi ni ya mwaka mzima wa kupalilia, kuchuma na kubeba, na aliyeitolea jasho anastahili kuwa ndiye anayeitoa.

Sisemi haya kwa kuichukia simu. Kabla ya M-Pesa kuingia nchini mwaka 2008, mtoto aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam alituma pesa nyumbani kwa bahasha, akimkabidhi kondakta wa basi au jirani anayepanda treni ya TAZARA, kisha wazazi wakakaa kuomba Mungu bahasha ifike. Leo binti anayeuza nguo Tunduma anamtumia mama yake pesa za kusaga mahindi, na kabla mama hajafika mashineni ujumbe umeshaingia. Siku zile sizitamani hata kidogo.

Ninacholalamikia ni kwamba kila huduma imehamia kwenye simu, na tumechukulia kwamba kila mtu ana simu yake, laini yenye jina lake na macho ya kusomea. Kwetu huku sivyo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofikia ukomo, tarehe 20 Januari 2020, wazee wengi hawakuwa na namba ya NIDA. Waliokuwa nayo, baadhi vidole vyao vilikataa kusomeka. Mtu aliyeshika jembe tangu utotoni, ngozi ya vidole imesagika. Anaweka kidole mara ya kwanza, anakipangusa kwenye kanga, anaweka tena, mashine inakataa. Ikawa njia rahisi ni laini kusajiliwa kwa jina la mjukuu, au la kijana wa jirani.

Matokeo yake nayaona mpaka leo. Laini ni ya bibi kwa matumizi, lakini kwenye kumbukumbu za kampuni mwenye laini ni mjukuu, ambaye labda sasa anaendesha bodaboda Mbeya au amevuka mpaka kwenda Zambia. Simu ikipotea, bibi hawezi kurudishiwa laini mpaka mjukuu aje mwenyewe aweke kidole. Akisahau namba ya siri ni hivyo hivyo. Na Mungu apishie mbali, mjukuu akifariki, ile pesa inakuwa kesi ya mirathi. Bibi huyu hakuibiwa na mtu. Mjukuu alimsaidia kwa moyo mweupe, na utaratibu ulimaliza kazi.

Kisha kuna suala la muda. Menyu ya kitochi haisubiri. Ukichelewa kujibu inajikata, na unaanza upya kwa alama ya nyota. Kijana hilo halimsumbui. Lakini mama anayesoma herufi moja moja, akiisogeza simu mbali na macho kisha karibu, huwa amefika kwenye "weka kiasi" ndipo kioo kinarudi cheupe. Akikatwa hivyo mara mbili tatu, anakata tamaa na kumpa simu yeyote aliye karibu. Kampuni zinazotangaza kila siku kwamba namba ya siri usimpe mtu ndizo zilizoweka muda huo mfupi. Kuuongeza kuna ugumu gani?

Matapeli nao wamelijua pengo hili. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unamkuta mama ambaye kweli ana mtu anayemdai, na hana wa kumsomea kwa utulivu. Kuna namba 15040 ya kupeleka ujumbe wa namna hiyo, na kuna *106# ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Vijana mnaosoma gazeti hili, mbonyezeeni wazazi wenu hiyo *106# jioni hii. Mtashangaa laini zilizomo, na zile zisizomo.

Mbolea ya ruzuku imeonyesha uzito wa jambo hili. Mpango ulipozinduliwa Nane Nane ya Mbeya mwaka 2022, mfuko wa DAP ukashuka hadi shilingi 70,000, Mbozi tulifurahi kwa haki, maana huku bila mbolea mahindi hayasimami. Lakini mkulima anasajiliwa kwa namba ya simu, na ujumbe unakwenda kwenye simu hiyo. Mjane anayelima heka zake mwenyewe huko Isansa, simu ya nyumba ikiwa ya mwanawe wa kiume, anangoja mwanawe amwambie kama ujumbe umefika.

Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, nchi nzima ilipiga kelele, na haukupita muda Serikali ikazipunguza kwa asilimia 30. Kumbe yakisemwa yanasikika. Hili la wazee halina msemaji kwa sababu linawapata mmoja mmoja, dirishani, kwa aibu.

Naomba mambo yanayowezekana. Kampuni za simu ziongeze muda wa menyu, na zije vijijini na mashine za usajili kuhamisha laini za wazee ziwe kwa majina yao, pamoja na NIDA kwa wale ambao vidole havisomeki. Mawakala wenzangu tukatae kushika namba ya siri ya mteja, hata foleni ikifika barabarani. Na ofisi ya kijiji, inapoandikisha wakulima wa mbolea, imuulize kila mama simu iliyoandikwa ni ya nani na nani anaisoma, imwandikie namba yake ya usajili kwenye karatasi aondoke nayo. Kazi hiyo ianze sasa, kabla mvua za Novemba hazijashuka na watu hawajatawanyika mashambani.