Sungura Watatu, Bakuli Moja



Juma hili safu yetu inalijibu swali la mama mmoja wa Maungu. Watoto wake wanafuga sungura watatu katika tundu moja, ndugu wa uzao mmoja, nao wamekwisha timiza miezi minne. Kila jioni bakuli la chakula linapoingizwa, aliye mkubwa hulikalia, akawangurumia wenzake na kuwauma. Mdogo wao amekonda, na ncha ya sikio lake imechanika. Baba wa nyumba ameamua mkubwa auzwe; watoto wanalia. Mama anauliza: je, mnyama huyu ana roho mbaya, au liko la kufanya?

Liko la kufanya, na kuuza si la kwanza. Akiondoka mkubwa, wa pili atakikalia kiti chake. Mwaka 1922 Mnorwe aitwaye Thorleif Schjelderup-Ebbe alichapisha utafiti wake juu ya kuku, akaonyesha kwamba katika kundi kila mmoja hujua nani wa kumdonoa na nani wa kumpisha. Sungura nao wana daraja zao. Hatuwezi kuzifuta, tuwezalo ni kuhakikisha kwamba aliye chini kabisa naye anashiba.

Lakini kwanza, mama yetu, tazameni jinsia zao. Wengi wameuziwa dume kwa jina la jike, kwa kuwa wakiwa wadogo ni vigumu kuwatambua. Wakifika miezi minne madume huanza kupigana hata bakuli likiwa tupu, na huumizana vibaya sehemu za siri. Dume na jike wakikaa pamoja, mimba ya sungura ni siku 31 hivi tu, na jike aweza kuishika nyingine mara baada ya kuzaa. Kwa hiyo dume atengwe leo, asingojewe kesho. Alama ya ugomvi wa chakula ni hii: huanza chombo kiingiapo na hupoa kiishapo. Ugomvi wa mchana kutwa ni jambo jingine.

Tuseme wote watatu ni majike. Asili ya sungura hawa wa kufugwa ni Uhispania na Ureno, ambako jamaa zao wa mwituni hukaa kundi zima katika mashimo, lakini walapo hutawanyika malishoni. Aliyefukuzwa hapa husogea akala pale. Sisi tumeligeuza lile lisho kuwa bakuli moja, katika pembe moja, kwa saa moja. Na aliyefukuzwa hana pa kusogea. Tena huku kwetu nyika ni kavu. Kila mmoja anakumbuka ukame ulioanza 2020, ambapo majani mabichi yalikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Fungu moja la majani likitupwa mbele ya wanyama watatu wenye njaa, vita hivyo tumevipanga sisi wenyewe.

Dawa yake ni kuurudisha mtawanyiko wa malisho ndani ya tundu. Wekeni vyombo vinne kwa sungura watatu, kimoja zaidi ya idadi yao, mbalimbali kadiri nafasi iruhusuvyo, ili anayelinda kimoja asiweze kulinda cha pili. Vyombo vizito vya udongo ni bora, maana havipinduliwi. Majani mabichi, kama sukuma wiki, mchicha au majani ya viazi vitamu, yatawanyeni kila pembe, yasirundikwe.

Nyasi kavu zisikosekane usiku na mchana, nazo ziwe mahali pawili. Ndizo chakula hasa cha sungura. Meno yake hukua maisha yake yote na husagwa kwa kutafuna, na tumbo lake halitakiwi kusimama. Mwenye nyasi mbele yake wakati wote hana sababu kubwa ya kupigania bakuli. Baada ya mvua za vuli, nyasi zingali nyingi, zikateni, mzianike zikauke vizuri, kisha mzihifadhi mahali pasipo unyevu. Zenye ukungu tupeni.

Wakati nao una hukumu yake. Sungura kwa maumbile hula zaidi alfajiri na magharibi, jua likiwa halijapanda au limekwisha tua. Wapeni baada ya sala ya Alfajiri na tena karibu na Magharibi, kwa saa zilezile kila siku. Chakula kisicho na wakati maalumu humfanya mnyama ale kwa hofu, na mwenye hofu huuma.

Maji pia hugombewa. Sungura wa kilo mbili aweza kunywa robo lita kwa siku, na zaidi katika joto la Maungu. Vyombo vya maji viwe viwili, kivulini. Ongezeni na kasha la mbao la kujifichia, lenye milango miwili. Lenye mlango mmoja ni mtego, kwani mkubwa akisimama mlangoni, mdogo hana pa kutokea.

Kwa huyu aliyekonda, mpimeni kwa mizani kila juma, mwandike uzito wake. Mpeni saa moja ya kula peke yake nyuma ya wavu, akiwaona wenzake nao wakimwona, kisha arudi. Kidonda cha sikio kisafisheni kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na mkitazame kila siku inzi wasitage. Akikataa kula kwa nusu siku, msingoje; mpelekeni kwa daktari wa mifugo Voi. Wakishikana, msiingize mkono wala msimpige mkubwa. Taulo likitupwa juu yao latosha kuwaachanisha.

Yafanyeni haya kwa majuma mawili. Mkiona bado damu inatoka, manyoya yanang'olewa, au mdogo hatoki kashani, basi ligaweni tundu kwa wavu, na huo ndio uamuzi wa haki.

Watoto nao wafundishwe maana ya jambo hili. Tumefundishwa katika hadithi ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Mnyama aliye porini aliyenyimwa na mwenzake huenda kwingine. Aliye tunduni hana kwingine ila mkono wetu, na kushiba kwa mkubwa hakutuondolei deni la mdogo. Kila jioni mtoto mmoja apewe kazi ya kusimama kando ya tundu, atazame mpaka amwone wa mwisho anatafuna, ndipo aingie ndani.

Tukutane Ijumaa ijayo, inshaallah.