Someni Viza Kabla ya Kufunga Begi

Juzi nilipita dukani kwa shoga yangu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Mumewe alikuwa anaondoka wiki hiyo kwenda Guangzhou, China, kufuata mzigo. Shoga akaniambia kwa furaha, "Safari hii akishanunua anabaki kidogo, amepata kibarua kwenye godauni la mtu. Si viza anayo?"

Nikamuuliza, "Shemeji, viza ya aina gani?" Wakatazamana.

Hapo ndipo wengi tunapokwama. Tunaiona viza kama tiketi: ukiipata, yamekwisha. Kumbe viza ni ahadi. Umewaambia wenye nchi yao unakwenda kufanya nini, nao wanakushika kwa maneno yako.

Tuchukue hiyohiyo China, ambako viza hutajwa kwa herufi. L ni ya matembezi. M, iliyoanza Septemba 2013, ni ya biashara: unaagiza, unalipia, unarudi. X1 ni ya masomo yanayozidi siku 180, na X2 ni ya kozi fupi. Z ndiyo ya ajira, na haitoki hivihivi: kibali cha kazi hutangulia kupitia kwa mwajiri, na ukishafika una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi.

Ukikamatwa unafanya kazi bila kibali, sheria inataja faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito, unawekwa ndani siku 5 hadi 15. Unaweza pia kurudishwa nyumbani. Faida ya mzigo mzima imekwenda!

Na nyie mnaopanga kufuatana? Mwenzako akienda China kusoma au kufanya kazi, wewe unaomba S1 kwa kukaa zaidi ya siku 180, au S2 kwa muda mfupi. Ni viza za familia, si za ajira. Uingereza nako, tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wa kigeni hawaruhusiwi tena kwenda na wenza wao, isipokuwa wachache kama wa shahada za utafiti. Bora mlijue hilo kabla hamjaacha kazi na kurudisha nyumba ya kupanga.

Kwa hiyo kaeni wawili, mfungue pasi. Tazameni mambo matatu: aina ya viza, mara ngapi unaruhusiwa kuingia, na siku za kukaa kila ukiingia. Tarehe ya mwisho ya kuitumia viza ni kitu kingine, msichanganye.

Shemeji alifungua yake palepale. M. Shoga yangu akanyamaza, kisha akavuta kalkuleta, wakaanza kupiga hesabu upya, safari hii bila pesa ya godauni. Mzigo utakuwa mdogo, lakini baba atarudi nyumbani.

Tukutane mwezi ujao!