Mapatano ya Wakubwa Hayatoshi: Funzo la Unguja na Pemba



Wako wanaouliza mambo ya Unguja na Pemba yanatuhusu nini sisi wa Kiamaiko, ambao shughuli yetu ni mbuzi, kisu na mkokoteni. Twajibu kwamba yanatuhusu sana. Januari 2001, askari walipowapiga risasi waandamanaji visiwani, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari wakaja kuomba hifadhi Shimoni, katika pwani yetu ya Kenya. Tena ugonjwa uliowakimbiza ndio ule ule ulioshika Mathare na Huruma baada ya uchaguzi wa Desemba 2007: jirani kumwona jirani yake adui kwa sababu ya kura.

Mgawanyiko wa Zanzibar ni wa zamani. Baada ya uchaguzi wa kwanza wa 1957 watu walisusiana maduka, harusi na hata maziko. Wafanya kazi nao hawakusalimika. Kabla ya uhuru wa 1963 walikuwa na mashirikisho mawili ya vyama vyao, moja likielemea ASP na jingine likielemea ZNP. Basi mwajiri alikutana na wafanya kazi waliogawanyika nusu mbili. Nani alifaidi?

Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa 1995 ulionyesha ufa ulivyo. CUF ilishinda viti vyote 21 vya Pemba, na CCM ikapata 26 katika viti 29 vya Unguja. Yakaanza mazungumzo. Muafaka wa kwanza ulitiwa sahihi 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola. Mwaka uliofuata uchaguzi ukavurugika, kisha damu ikamwagika. Muafaka wa pili ulitiwa sahihi Oktoba 2001, ukaundiwa na tume ya pamoja ya kuusimamia. Lakini baada ya uchaguzi wa 2005 pande mbili zilikuwa zikilaumiana kama kwanza.

Sisi watu wa chama twajua kasoro ilikuwa wapi. Mapatano ya mshahara yakifungwa na viongozi peke yao ofisini, wanachama wasisomewe wala wasipige kura, siku ya taabu hakuna wa kuyatetea.

Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana ana kwa ana. Safari hii jambo lilipelekwa kwa wananchi wenyewe. Tarehe 31 Julai 2010 waliulizwa kama wanataka serikali ya umoja, na watu 66 katika kila 100 waliopiga kura wakasema ndiyo. Katiba ikabadilishwa. Oktoba ile Dkt. Ali Mohamed Shein alishinda kwa asilimia 50.1 tu, na juu ya hayo uchaguzi ukapita kwa salama.

Hata hivyo kura moja ya maoni si dawa ya milele. Oktoba 2015 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi aliufuta uchaguzi kabla matokeo yote hayajatangazwa. CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na serikali ya umoja ikavunjika. Iliporudi Desemba 2020, watu walikuwa wamekwisha kuuawa tena. Mwamuzi asiyeaminiwa na pande zote huweza kubomoa kwa siku moja kilichojengwa kwa miaka.

Sasa tujitazame. Tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mapatano mbele ya Kofi Annan, na mapanga yakateremshwa. Twashukuru. Lakini sahihi zile hazikumrudisha mpangaji aliyehama chumba chake Mathare kuwafuata wenye lugha yake. Kazi hiyo tuliachiwa sisi.

Nasi twaiweza, maana kila siku twaifanya bila ya kuambiwa. Mbuzi wa Marsabit huswagwa na mtu wa kabila moja, huchinjwa na wa kabila la pili, na kichwa na matumbo hununuliwa na mama wa kabila la tatu. Mmoja akikimbizwa, wote watatu hulala njaa.

Kwa hiyo twapendekeza tawi letu lifunge mapatano yake kabla ya kila uchaguzi. Yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wanachama wote, yapigiwe kura. Yaseme kwamba mtu asifukuzwe kazini, asinyimwe mzigo, wala asinyimwe mchango wa maziko kwa sababu ya kabila lake au kura yake. Na wasimamizi wawe watu wanaoaminiwa na kila upande, si marafiki wa mwenyekiti.

Mwenye neno la kuongeza au la kupinga, alilete katika mkutano wa wanachama.