Wuhan tunaijua, maabara yetu je?

Wasomaji wangu, samahanini kwa kupotea. Nilikuwa nyumbani Bagamoyo, na mnanijua nikifika Dunda huwa nasahau hata nenosiri. Ila safari hii nimerudi na donge kooni, na nisipolitema hapa litanitoa roho.

Jioni moja nimekaa kijiweni Mji Mkongwe, kikombe cha kahawa mkononi na kashata pembeni. Mada iliyokuwa mezani ni korona ilitoka wapi. Jamani, vijana wa Dunda wanajua! Mmoja ameshika simu, anatueleza kwamba Januari 2025 shirika la kijasusi la Marekani, CIA, lilisema linaelekea kuamini kirusi kilitoka maabara. Mwenzake akamkata: malizia basi, walisema wenyewe uhakika wao ni mdogo. Wa tatu akaja na jopo la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani la Juni 2025, lililosema ushahidi uliopo unaelekeza kwa wanyama, pengine popo moja kwa moja, pengine mnyama mwingine katikati, lakini kwamba China haikutoa kila kilichoombwa, kwa hiyo hakuna dhana iliyofutwa. Kila mtu na hoja yake. Nikajisikia nipo kwenye mdahalo wa chuo kikuu, tofauti ni kwamba hapa kahawa ilikuwa nzuri.

Nikauliza swali moja tu. Mwaka 2020, ndani ya Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, hapa hapa kwetu, kulitokea nini?

Kimya. Halafu mzee mmoja akasema, "Papai." Watu wote wakacheka, mada ikahamia Simba na Yanga.

Hicho kicheko ndicho kilichonikera. Tunaweza kueleza Wuhan kuna maabara gani na soko gani, lakini maabara iliyopima makohozi ya mama zetu tunaijua kwa neno moja, nalo ni neno la tunda.

Nawakumbusha, maana tunasahau haraka. Mei 3, 2020, Rais Magufuli akiwa Chato alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa maabara kwa siri zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu ya kwamba zina korona. Kesho yake mkurugenzi wa maabara akasimamishwa kazi na kamati ikaundwa kuchunguza. Siku chache baadaye mkuu wa Africa CDC, Dk. John Nkengasong, akasema vipimo vilivyotumika havina tatizo. Takwimu zetu zikagota kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Zikakaa hapo zaidi ya mwaka mzima, kama saa ya ukutani iliyoisha betri.

Sasa nisikilizeni vizuri kabla hamjanirushia mawe. Mimi sisemi ilikuwa kosa kumjaribu mpimaji. Maabara zote makini duniani hupelekewa sampuli za mtego, ndiyo njia mojawapo ya kuzikagua. Kipimo kile hutafuta vinasaba vya kirusi kwenye ute wa puani na kooni, kisha huvidurufu mara mamilioni ili vionekane. Kwa hiyo tone dogo likivuka kutoka sampuli moja kwenda nyingine, glavu isipobadilishwa, meza ikichafuka, hata papai litaambiwa ni mgonjwa. Kumbe swali la Rais lilikuwa na jibu! Labda sampuli zilichafuka. Labda majimaji ya papai hayafai kabisa kwenye kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya pua ya binadamu. Labda kulikuwa na uzembe, au hata hujuma kama ilivyodokezwa. Kila moja lina namna yake ya kuthibitishwa. Mimi ripoti kamili ya kamati ile sijaiona ikiwa imewekwa mahali ambapo mtu wa Dunda angeisoma. Tulichopewa ni kichekesho, na kichekesho hakijamsaidia mgonjwa yeyote.

Na ombwe halikai tupu. Taarifa ikifungiwa kabatini, uvumi unachukua kiti chake. Ndiyo maana tukasikia minara ya simu inaleta ugonjwa, mara ni silaha ya Wachina, mara ni Wamarekani. Wimbo wa zamani huo. Mwaka 1983 gazeti moja la India lilichapisha kwamba UKIMWI ulitengenezwa na jeshi la Marekani, na baadaye ikajulikana habari ile ilipandwa na majasusi wa Kisovyeti. Mwaka huo huo Kagera ilipata wagonjwa wake wa kwanza, na wakati watu wakiuita Juliana wakasingizia nguo, wakasingizia uchawi. Sayansi ilikuja kuonyesha kwamba kirusi kile kilitoka kwa sokwe, kusini mashariki ya Kameruni, miaka mingi kabla hata baba zetu hawajazaliwa. Hadi leo nakutana na wenye digrii zao wanaoniambia ule wa maabara ya jeshi kama vile wameusoma kwenye msahafu.

Basi nije kwangu, maana ni rahisi kunyooshea kidole wakubwa. Februari 2021 mjomba wangu, muuza samaki pale sokoni, alianza kukohoa siku ya Ijumaa. Alipelekwa hospitali (naiacha bila jina), akawekewa oksijeni, Jumatano tukamzika. Hakuna aliyetutamkia ugonjwa. Daktari kijana alimwita kaka yangu pembeni, akamwambia "changamoto ya upumuaji", akaangalia chini. Tulioshana mikono? Nani! Tulijaa msibani bega kwa bega, tukala pilau sinia moja. Wiki ile ile ya Februari 17 aliondoka Maalim Seif, ambaye chama chake, ACT-Wazalendo, kilikuwa kimetangaza wazi kwamba ana korona, na akaondoka Balozi Kijazi. Mwanzoni mwa mwezi huo waziri wa afya alikuwa ametuonyesha mbele ya kamera namna ya kusaga tangawizi, vitunguu na ndimu.

Na mimi mwandishi nilifanya nini? Niliandika taarifa tatu za misiba mwezi ule, na zote tatu nikaandika "maradhi ya kupumua". Kanuni za maudhui mtandaoni za Julai 2020 zilikataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka, na Kwanza Online walikuwa wamefungiwa miezi 11 kwa kusambaza tahadhari ya ubalozi wa Marekani kuhusu korona. Niliogopa. Nawaambia kweli, niliogopa. Lakini mke wa mjomba hakujua kanuni, yeye alijua mtoto wa wifi yake anaandika habari. Akaniuliza, nikamwambia ajifukize nyungu.

Halafu upepo ukageuka. Machi Rais akafariki, Rais Samia akaunda kamati ya wataalamu, na Julai 28, 2021 akachanjwa hadharani Ikulu, baada ya dozi zaidi ya milioni moja za Janssen kuingia nchini. Nikaenda mbio nyumbani, nimejaa bidii ya mtu anayetaka kusamehewa. Nikamwambia, "Mama, twende ukachanje." Akanitazama.

"Mwanangu, hao si ndio walioniambia hakuna ugonjwa? Sasa wanaleta dawa ya ugonjwa ambao haupo?"

Sikuwa na jibu. Wasomi wa mjini tukawaita watu kama yeye wajinga, wenye imani potofu, tukacheka mitandaoni. Ujinga uko wapi hapo? Mwanamke yule alikuwa anafanya hesabu kwa namba alizopewa.

Na asije mtu akaniambia watu wa pwani wanaogopa sindano. Bagamoyo hii! Hapa Taasisi ya Afya Ifakara imefanya majaribio ya chanjo ya malaria kwa miaka. Utafiti wa RTS,S uliochapishwa 2008 ulihusisha watoto wachanga 340. Kuna vijana wazima waliokubali kudungwa vimelea vya malaria kwa makusudi, na majibu yake yakachapishwa 2014. Bagamoyo ilikuwa mojawapo ya vituo vya majaribio ya R21, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2023. Mama wa Dunda hujampa mtoto wake kwa sababu ni mjinga wa uvumi. Unakaa naye chini, unamweleza faida na hatari kwa Kiswahili, anauliza maswali, anaambiwa anaweza kujitoa siku yoyote, ndipo anaweka sahihi au dole gumba. Watu wale wale, mji ule ule. Aliyebadilika ni mzungumzaji.

Je, tumejifunza? Januari 14, 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya washukiwa wa Marburg mkoani Kagera. Wizara ikajibu haraka: tumepima, hakuna. Januari 20 Rais mwenyewe, Dk. Tedros akiwa kando yake, akatangaza kwamba yupo mgonjwa aliyethibitishwa. Hadi mlipuko unatangazwa kwisha Machi, waliohesabiwa ni watu 10, na wote 10 walikufa. Siku chache tu kati ya "hakuna" na "yupo". Inawezekana kabisa sampuli za kwanza zilikuwa safi kweli. Basi si mngesema "za kwanza ziko safi, bado tunapima"? Maneno sita tu hayo. Ona 2023, ugonjwa huo huo na mkoa huo huo: walitangaza Machi 21, wakataja vifo, na Juni 2 ukaisha. Sikumbuki kijiwe kilichogombana.

Mwaka 1869 kipindupindu kilipoingia pwani hii, daktari Mskoti aliyekuwa Unguja, James Christie, alianza kuuliza watu wa misafara na mabaharia kilipita wapi, hadi akakifuatilia bara, Umasaini, kikishukia Pangani. Akaandika kitabu, 1876. Hakuwa na maabara. Alikuwa na watu waliokubali kumwambia nani alikufa na lini.

Juzi kabla sijapanda gari kurudi Dar nilipita kwa mke wa mjomba. Hajachanja mpaka leo. Akaniuliza kwa upole, akichambua mchele: "Hivi mjomba wako alikufa na nini?"

Nikamwambia, mama, nadhani ilikuwa korona.

Akasema, "Nilijua." Akaendelea na mchele wake.